Tunaikumbuka aya ya riba, tunaisahau inayofuata



Mwaka 2010 mdogo wangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alinipigia simu usiku akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa muda mrefu. Kwa miaka tisa alikuwa amepanga fleti ya vyumba viwili, yeye, mkewe na watoto watatu. Si kwamba alikosa benki ya kumkopesha nyumba. Katika miaka ile benki za Marekani zilikopesha karibu kila aliyeomba, hata asiye na kazi ya uhakika. Yeye alikataa kwa sababu ya riba. Wenzake walinunua nyumba, wakamcheka, naye akaendelea kulipa kodi na kuweka akiba kidogo kidogo.

"Kaka," akaniambia, "zile nyumba zilizokuwa zikiuzwa zaidi ya dola laki moja, leo naweza kununua moja kwa fedha taslimu. Bila benki, bila riba. Allah amenifungulia."

Nikasema alhamdulillah. Kisha akanitajia nyumba yenyewe na mwenye nyumba. Ilikuwa ya ndugu mmoja Msomali, dereva wa teksi, anayeswali naye msikiti mmoja. Mwaka 2005 ndugu yule alipochukua mkopo, mdogo wangu alimkemea mbele za watu baada ya swala ya Ijumaa. Yule dereva akamjibu kwamba wapo wanazuoni walioruhusu kwa sababu ya haja. Sasa ameshindwa kulipa na nyumba inauzwa.

"Nilimwambia, Kaka. Nilimwambia, hakunisikia."

Nikamuuliza: "Umefurahi kwa sababu umepata nyumba, au kwa sababu yeye ameikosa?"

Simu ikawa kimya. Kisha akasema atanipigia kesho.

Nimekaa na swali lile miaka mingi, na leo nalileta kwako, kwa sababu si la Columbus peke yake. Hapa kwetu pia matangazo ya minada ya nyumba yanatoka magazetini, na Waislamu wenye fedha taslimu wanaulizana kama ni halali kununua nyumba ya mtu aliyeanguka. Mimi naona swali la halali ndilo lililo jepesi. Zito ni lile linalokuja baada yake.

Kwanza tuelewe kilichotokea Marekani. Bei za nyumba zilipanda kwa miaka mingi hadi mwaka 2006, na watu wakaaminishwa kwamba hazitashuka. Wenye kipato kidogo walipewa mikopo ambayo miaka 2 ya mwanzo riba yake ni ndogo, kisha kwa miaka 28 inayobaki inapanda na kushuka kufuata soko. Aliyekopesha hakujali kama mkopaji ataweza kulipa, kwani mkopo wenyewe aliuuza haraka, ukachanganywa na maelfu mengine na kuuzwa kwa wawekezaji wa mbali. Riba ilipopanda na bei za nyumba zikaanza kushuka, watu wakajikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba. Kuuza walipe deni haiwezekani, kuendelea kulipa hawawezi. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikaanguka, ajira zikapotea, na mwaka 2010 peke yake nyumba karibu milioni 2.9 zilikuwa zimeingia katika hatua moja au nyingine ya kunyang'anywa.

Hapo ndipo nyumba za bei ya chini zilipotokea. Zilimfikia mnunuzi kwa njia tatu, na ni kosa kuzihukumu kwa hukumu moja.

Ya kwanza ni nyumba ambayo benki imekwisha kuichukua. Mwenyewe amehama zamani, madirisha yamevunjwa, nyaya za shaba zimeng'olewa, majani yamefika kiunoni. Ya pili ni mnada. Katika Ohio mnada huo uliendeshwa na sherifu wa kaunti kwa amri ya mahakama, na mara nyingi familia ilikuwa bado imo ndani. Ya tatu ni ile tunayoweza kuiita mauzo ya pungufu. Mwenye nyumba anatafuta mnunuzi yeye mwenyewe kabla ya mnada, na benki inakubali kupokea kidogo kuliko inachodai. Tuseme anadaiwa dola 110,000 na nyumba kwa soko la leo haizidi 50,000. Benki ikikubali, inapokea hizo 50,000 na nyumba inaachiwa.

Nyumba ya yule dereva ilikuwa katika njia hii ya tatu. Ilikuwa bado yake, lakini mnada ulikuwa nyuma yake unamkimbiza.

Sasa, dini inasemaje? Mnada wenyewe si haramu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama ana chochote nyumbani. Alikuwa na tandiko na bakuli. Mtume akavichukua akavinadi mwenyewe. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atakayezidisha, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Wengi wetu tunaishia hapo, tunasema: mnaona, mnada upo katika Sunna. Lakini tuangalie dirhamu zile zilikwenda wapi. Mtume alimpa yule Ansari zote mbili. Moja akanunue chakula cha watu wake, ya pili akanunue shoka. Kisha Mtume akatia mpini kwenye shoka lile kwa mkono wake na kumtuma akakate kuni. Mnada ule ulifanywa kumwinua muuzaji. Minada yetu mingi humalizikia mahali ambapo mwenye mali hana tandiko, hana bakuli, na shoka pia hana.

Na katika Sahihi Muslim kuna kisa cha mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume aliwaambia watu kwanza wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, haikutosha. Ndipo akawaambia wenye kudai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Jamii ilisimama kwanza, wadai wakafuata, na mwisho deni likawekewa mpaka.

Wanazuoni wamehitilafiana hata juu ya nyumba yenyewe. Ibn Qudama katika al-Mughni anaeleza kwamba nyumba ambayo aliyefilisika hana budi kuishi humo haiuzwi, na kwamba hiyo ni rai ya Abu Hanifa pia. Imamu Malik na Imamu Shafii wanaona inauzwa, kisha anapangishiwa nyingine. Sisi wa pwani, tuliosoma kwa masheikh wa Kishafii, tunaweza kusema kwamba madhehebu yetu yanaruhusu kuuza. Ni kweli. Lakini hata waliosema inauzwa hawakusema alale barabarani.

Na anayenunua kwa mtu aliyebanwa na deni? Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, amelijadili hili katika sherehe yake ya Abu Daud. Anasema mtu akilazimika kuuza kwa hasara kwa sababu ya deni, uungwana na dini vinataka asaidiwe, akopeshwe, apewe muda mpaka apate wasaa. Ila akiuza na mtu akanunua, mauzo yanasihi, hayavunjwi.

Rudia tena maneno hayo, ndugu msomaji. Mauzo yanasihi, lakini haukuwa ndio uungwana. Mwanazuoni huyu hakusema haramu, wala hakusema nenda ukale kwa raha zako. Ametuonesha kwamba kati ya haramu na lililo bora kuna uwanja mpana, na Muislamu ataulizwa alisimama wapi ndani yake.

Na hapa ndipo ninaposhtakiwa mimi, mdogo wangu, na wengi wetu tunaojivunia kuikimbia riba. Katika Suratul Baqara, kuanzia aya ya 275, Allah (s.w.) anakemea riba, mpaka katika aya ya 279 anawatangazia vita wasioiacha. Aya hizo tunazijua kwa moyo, na mdogo wangu alimsomea yule dereva hadharani. Lakini aya ya 280, inayofuata papo hapo, inaagiza kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka wepesi, na kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Allah hakuitenga katazo la riba na huruma kwa mdaiwa. Sisi ndio tuliotenganisha. Tunaisoma ya kwanza mtu anapokopa, na anaposhindwa kulipa hatumsomei ya pili. Tunamwambia tu: tulikwambia.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: mimi sikumkopesha, aya inamhusu mdai, na mdai ni benki. Ni kweli kwamba benki ndiyo mdai. Lakini kisa cha Sahihi Muslim kinaonesha kuwa waliotakiwa kutoa kwanza ni watu ambao hawakuwa wakimdai chochote. Kudhikika kwa jirani ni jambo la mtaa mzima.

Wa pili atasema: nisiponunua mimi, atanunua mwingine. Hoja hii peke yake haihalalishi kitu, maana mwizi naye anaweza kuisema. Lakini ndani yake mna ukweli ambao wacha Mungu wengine hawautaki. Kama wenye dhamiri wote watakaa pembeni, nyumba zitanunuliwa na wasio na dhamiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa Marekani, ambako kuanzia mwaka 2012 makampuni makubwa ya uwekezaji yalinunua nyumba hizo kwa maelfu na kuzigeuza za kupangisha. Na nyumba isiyonunuliwa haimrudii mwenyewe. Inaoza, inashusha bei ya jirani, na jirani naye anazama. Kutokununua kunaweza kukupa usingizi mzuri bila kumsaidia yeyote.

Wa tatu atasema: hii ni adhabu yake, aliingia katika riba kwa miguu yake. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rai mwaka 1999 ya kumruhusu Muislamu wa nchi zile kuchukua mkopo wa nyumba ya kuishi, kwa sharti kwamba ana haja ya kweli, hana nyumba nyingine wala njia nyingine. Wanazuoni wengine waliipinga vikali, nami niko upande wa walioipinga. Lakini yule dereva aliifuata rai ya wanazuoni, hakufuata matamanio tu. Na hata kama angekuwa mkosaji moja kwa moja, nani alitupa sisi kazi ya kukusanya mali kutoka katika adhabu za wenzetu?

Siku ya pili mdogo wangu alinipigia kama alivyoahidi. Alisema hakulala. Akataka kuiacha nyumba ile na kuchukua nyingine, tupu, iliyokwisha kuchukuliwa na benki, kwa dola 39,000. Hiyo ingekuwa halali na isingemuumiza mtu. Nikamwambia, kabla hujaiacha, nenda kamuulize mwenyewe anataka nini.

Alikwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumba ile tangu ugomvi wao. Dereva hakumlaumu. Alimwambia: "Ukininunulia wewe natoka mimi. Usiponinunulia nitatolewa."

Basi mdogo wangu akaamua kununua. Dalali alimshauri aanze na dola 35,000, kwa kuwa mwenye nyumba amebanwa na benki imechoka. Bei ya soko kwa nyumba kama ile wakati huo ilikuwa kama 50,000. Akaandika 48,000. Akiba yake haikufika hapo, ikabidi achukue na fedha alizokuwa amemwekea mama yetu kwa ajili ya kuezeka nyumba ya Tanga. Mama alipoelezwa alisema: "Bati litangoja. Nyumba unayoingia mwenyewe akikuombea dua, na nyumba unayoingia mwenyewe akikulaani, hizo si nyumba moja."

Benki ilikaa miezi minne bila kujibu. Wakati huo ile nyumba tupu ya 39,000 ikanunuliwa na mtu mwingine. Hatimaye barua ya kukubali ikaja, lakini ilikuwa kimya juu ya deni lililobaki, zaidi ya dola 60,000. Maana yake mtu angeweza kuuza nyumba, akahama, kisha akadaiwa tena mahakamani. Mwaka ule serikali ya Marekani ilikuwa na mpango ambao benki zilizoshiriki zililazimika kufuta deni lote lililobaki na muuzaji akapewa dola 3,000 za kuhamia, ila mkopo wa yule dereva haukuwa ndani yake. Dalali akamwambia mdogo wangu: wewe weka sahihi, hilo halikuhusu. Akakataa. Alisema hatanunua mpaka muuzaji apate kwa maandishi kwamba deni limefutwa. Wiki sita nyingine zikapita, na mnada unaweza kutangazwa wakati wowote. Barua ikaja.

Jamaa mmoja msikitini akashauri kwamba dereva abaki humo kama mpangaji kimyakimya. Lilikuwa wazo la huruma, lakini benki ilikuwa imewataka wote wawili waape kwa maandishi kwamba hakuna makubaliano ya siri kati yao na kwamba muuzaji atahama. Huruma ya kuvunja ahadi nayo si huruma. Badala yake msikiti ulichangisha waziwazi, wakamlipia kodi ya mwanzo na dhamana ya fleti karibu na shule ya watoto wake. Siku ya kuhama, mdogo wangu alibeba makochi pamoja naye.

Sisemi kwamba alimwokoa. Dereva alipoteza nyumba na fedha zote alizolipa miaka mitano. Mdogo wangu alipata nyumba kwa chini ya nusu ya deni lake. Mizani haikulingana, na nyumba za bei ya chini hazitoki popote ila kwenye hasara ya mtu. Lakini mtu yule alitoka hana deni, hana fedheha ya sherifu mlangoni, na ndugu zake wakiwa upande wake. Hilo ndilo shoka tuliloweza kumpa.

Turudi nyumbani. Mimi na wewe hatuna sherifu, tuna dalali wa mahakama na kipaza sauti juu ya gari. Lakini maswali hayabadiliki, na baadhi yake hata sheria inayauliza. Katika Ohio ya wakati ule, mnada wa sherifu haukuruhusiwa kuuza chini ya theluthi mbili ya thamani iliyokadiriwa. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba nyumba ya rehani ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, itachukuliwa kuwa mkopeshaji amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuomba mahakama itengue mauzo hayo. Wenzetu wa Kenya wana kifungu kama hicho katika sheria yao ya mwaka 2012. Sheria hiyo hiyo yetu inataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ikiwa sheria ya kidunia inaiona bei ya kutupwa kuwa ni jambo la kutiliwa shaka, Muislamu anaionaje kuwa ni baraka tupu?

Basi ukisikia nyumba ya jirani inanadiwa, usikimbilie benki kuuliza bei. Nenda kwake kwanza. Muulize kama muda ukiongezwa ataweza. Muulize kama mkewe alijua. Kama kuna njia ya kuuza mwenyewe mapema kwa bei ya soko kwa ridhaa ya benki, mtafutie mnunuzi au uwe wewe mnunuzi, ili kitakachobaki baada ya deni kiingie mfukoni mwake. Kama ndani mna wapangaji, wape muda. Wamarekani walitunga sheria mwaka 2009 kuwapa wapangaji wa nyumba hizo angalau siku 90. Sisi tuna dini, tusishindwe na siku 90. Na misikiti yetu, inayochangisha kwa mazulia na viyoyozi, ianzishe mfuko wa karadha njema, maana mtu huanza kuzama kwa marejesho ya miezi miwili au mitatu, kabla ya deni zima. Hapo ndipo mkono wa msikiti ungetosha. Siku ya mnada tumekwisha kuchelewa.

Ukifanya yote hayo na nyumba bado inauzwa, nunua kwa bei ya haki na umshukuru Allah. Hukumla mtu.

Ramadhani ya mwaka 2011 mdogo wangu aliwaalika watu futari katika nyumba yake mpya. Yule dereva alikuja na familia yake. Mama alikwisha kuezekewa mwaka uliofuata, kwa kuchelewa, na hajawahi kulalamika.

Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.